Baba Mdogo Aliuliza Mtaa Mzima

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza na wewe kwa neno jingine. Nimeolewa, Baba! Nina wiki tatu tu katika ndoa, na kila asubuhi namtazama mume wangu akifunga vifungo vya shati, najikuta nacheka peke yangu kama mwehu.

Ngoja nikueleze alikotoka. Lile ghala la mahindi lililotazamana na cherehani yako hapa Kilole halina tena gunia hata moja. Mwenye ghala alilipaka rangi, akatandika zulia, akaweka meza, feni na intaneti. Mtu anakodi meza, kwa siku au kwa mwezi, anafanya kazi yake. Mmoja anauza mbegu kwa simu, mwingine anafundisha wanafunzi walio mbali, kila mtu na lake. Mtaa umepaita Mezani.

Wiki ya kwanza tulijiaibisha, Baba, ungecheka mpaka ukohoe. Tuliona viatu vimejaa mlangoni, watu ndani wamekaa kimya, wameinamisha vichwa, hata salamu hawatoi. Mama Zaina, yule muuza wali, akasema, "Jamani, majirani wamefiwa na sisi tumekaa tu!" Tukajifunga kanga, tukabeba kuni na unga, tukaingia na pole zetu. Kijana mmoja akavua vile vidude vya masikioni, akainuka, akapokea kuni kwa mikono miwili.

"Shikamooni mama zangu. Hatujafiwa, tuko kazini. Lakini kuni za ujirani hazirudishwi. Tupikieni chai."

Huyo ndiye Ramadhani wangu. Anachora ramani za nyumba. Tangu siku ile Mama Zaina anawapikia, sasa ana sufuria tatu na wasichana wawili wa kumsaidia. Bodaboda wamepata kijiwe, mtaro umezibuliwa, taa inawaka njiani. Mimi kwenye cherehani yako napunguza suruali za watu wa Mezani hadi vidole vinauma. Na wao wamejifunza kusalimia! Anayepita kimya Mama Zaina humwita, "Wewe, umelala na nani hata huamkii watu?"

Lakini sikufichi. Mzee Hoza seremala hayupo tena kwenye kona yake. Watu wa Mezani walilalamika msumeno unawapigia kelele, mwenye kiwanja akamhamishia nyuma kule njia ya Magoma. Nililia siku ile. Kona bila harufu ya mbao si kona.

Posa ya Ramadhani ilipokuja, Baba mdogo Saidi akakataa. Wewe hupo, yeye ndiye walii wangu, bila yeye hakuna ndoa. Akapiga simu kutoka Handeni: "Mwanaume kutwa amekaa, anabonyeza! Wewe utakula vibonyezo?"

Kisha siku moja akatokea bila taarifa, na koti lake lile la msibani. Hakwenda Mezani. Alifanya kama mnavyofanya ninyi wazee: mchumba haulizwi, wanaulizwa majirani. Alianza kwa Mama Zaina, akaambiwa, "Huyo akila, sahani anairudisha mwenyewe." Bodaboda wakamsifu. Baba mdogo akaguna tu. "Wote hawa wanafaidika na wale watu," akaniambia. "Nionyeshe aliyeumizwa nao."

Nikampeleka kwa Mzee Hoza.

Mzee alikuwa akipiga randa. Akasema, "Wale wenzake walinifukuza. Sijawasamehe. Ila huyu kijana aliwaambia mbele yangu kwamba wanakosea. Hawakumsikiliza. Basi akavua viatu vyake vya ofisini, akanibebea mbao zangu mpaka hapa. Na bado anakuja kunijulia hali. Kama unamkataa huyo, Saidi, niachie mimi, nina mjukuu."

Baba mdogo alicheka! Mimi nilisimama kwenye maranda nikilia kwa furaha, na vumbi la mbao likaniganda mashavuni.

Siku ya nikaha alimshika Ramadhani mkono, akamwambia, "Nimeuliza mtaa mzima, mtaa umekubali. Ukimtesa, utawajibu wote." Nilitamani ungekuwa wewe, Baba. Nilitamani mno. Lakini mkono ule uliomshika mume wangu una kovu la jembe kama la kwako, nikautazama huo.

Pumzika sasa, Baba. Ijumaa baada ya swala tutakuja wawili kupalilia kaburi lako. Ramadhani anaogopa, ananiuliza kila siku atakuambia nini. Nimemwambia akuamkie tu kwa sauti, halafu anyamaze, nami nitakueleza mengine.

Nakuahidi nitaishi naye vizuri.

Binti yako,
Mwanahawa