Wati Ishirini na Nne Zilizopotea

Jumanne jioni.

Wati ishirini na nne zilinipotea mchana kutwa, na kesho ndio mtihani wa kunitoa ukarani niingie karakana ya umeme. Naogopa.

Zoezi lina betri mbili na rezista. Nguvu inayotumika ni chanya, inayotolewa ni hasi, na jumla lazima iwe sifuri. Yangu ilikataa, ikabaki hasi ishirini na nne.

Bi Kadzo, fundi mkuu wa karakana nilikokuwa nikijisomea, akachungulia daftari langu.

"Mwanangu, wati zako zimevuka feri?" Karakana nzima ikaangua kicheko. "Betri hii ndogo inachajiwa na kubwa, nawe umeandika inatoa. Kwani simu yako ukiichaji, ndiyo inayowasha taa za Changamwe?"

"La, Bi."

Nimebadilisha alama moja tu, hasi ya betri ndogo ikawa chanya. Sifuri! Sijawahi kuifurahia sifuri hivi, tena mkesha wa mtihani.