Kwa Emilian Qamara, Mtu wa Mlangoni

Mwaka mmoja umetimia, Emilian, tangu unywe chai yako wima kama kawaida, ukaaga hapa nyumbani Tlawi na kwenda kazini zimamoto. Hukurudi.

Ulikuwa mpole, tena mtani. Ng'ombe ulimfunga kwa mafundo ya kazini, mdogo wako Alfredi akashindwa kumfungua, nawe umekaa pembeni unacheka tu.

Kazi yako watu hawakuielewa. Wawili wakiingia kwenye moto, wawili wanabaki mlangoni na kamba, wameshavaa, hawagusi kazi nyingine. Hao ni wa kuwatoa wenzao wakikwama. Ndugu zetu wa Tumati walikutania: "Kazi gani hiyo ya kusimama?" Ulisimama hivyo miaka tisa, na wenzako watatu wako hai leo kwa sababu yako.

Siku ile, kwenye ghala la mahindi kule Hanang, zamu ya kuingia ilikuwa yako, na kwa kuwa mlikuwa wachache uliingia peke yako. Agustino, rafiki yako, akabaki mlangoni peke yake kwa ajili yako. Mkuu wenu akakuita kwa redio: "Emilian, habari za humo?" Ukajibu: "Nzuri, afande, lakini..." Redio ikakwaruza, ikanyamaza.

Afande amekulia hukuhuku. Anajua kwamba kwetu hata mfiwa akiulizwa habari huanza na nzuri, shida anaitaja baadaye. Hata hivyo akaishika hiyo nzuri, akamtoa Agustino mlangoni akavute mpira wa maji upande wa pili. Paa liliposhuka hapakuwa na mtu wa kukufuata. Agustino alirudi mbio, akachelewa. Alikuja kutueleza yote huku analia, na hatuna kinyongo naye.

Kinyongo tunacho na wakubwa wako wa zimamoto, wala hatukifichi. Taarifa yao inasema: "Marehemu alithibitisha kuwa hali ni nzuri." Basi, imeishia hapo, kana kwamba ulijiua kwa mdomo wako mwenyewe. Walipoileta tuisaini, pamoja na cheti cha ushujaa, mama yako aliwauliza swali moja tu: "Na lakini yake mmeiweka wapi?"

Wakakunja karatasi zao. Kwa kuwa hatukusaini, cheti waliondoka nacho.

Unakumbukwa na mama yako Severina, mkeo Rogathe, wanao Frida na Basili, mdogo wako Alfredi, na ukoo wote wa Qamara, Tlawi na Tumati. Misa itasomwa Jumamosi saa tatu asubuhi, kigangoni kwetu.

Hatutakusahau, Emilian, siku zote tulizobakiza. Na taarifa ile hatutaisaini.