Hakuna Mtu Makwasinyi

Jumatano usiku, Oktoba 1988

Tangu juzi kompyuta ya ofisi inanijibu vilevile: kijiji cha Makwasinyi hakuna mtu. Bosi naye, "Mashine haidanganyi." Basi mahindi yote ya msaada yakapelekwa kijiji kingine, Mwanda.

Leo nimeandika upya swali kwa SQL, lugha ya kuiuliza kompyuta, nikaomba majina ya vijiji vyote. Kumbe wapo! MAKWASIN. Nafasi ya jina inaishia herufi ya nane, zilizobaki zimekatwa. Na mimi nilikuwa nikitafuta jina kamili. Upuzi mtupu, na lori limeshaenda.

Jioni akaja mzee wa Makwasinyi, gunia tupu begani.

"Mwanangu, sisi tumemkosea nani?"

Nikamwambia angoje lori lingine. Kama litakuja. Ningemwambiaje kwamba kosa lao ni jina refu?