Kompyuta ya Marehemu Jeremia

Katubuka, Kigoma.
14 Septemba 2025

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Habari za Mpanda, na kifua chako kinaendeleaje? Sisi huku tunapumua. Mama amepona mguu, na Bibi bado mkali vilevile. Anakupa salamu yake ya asubuhi, ile "mwakeye" yake, hata kama barua hii utaisoma usiku.

Kaburi la Kaka Jeremia tumelipalilia Jumamosi. Nililia mpaka Mama akaninyang'anya jembe. Mwaka umeisha, lakini mtaa mliokuwa mkikaa huku kabla ya kuhamia Mpanda bado sipiti.

Baba Mkubwa, kilichonikalisha niandike ni chuo. Ukoo wetu ndivyo ulivyozoea: mvuvi akifa, anayepewa nyavu zake siku ya kuondoa matanga ndiye anayeshika nafasi yake mtumbwini. Nawe siku ile ulinipakatisha kompyuta ya mwanao mbele ya watu wote, ukasema, "Shika kazi ya kaka yako." Nikaitikia. Nani angekataa, nawe unalia vile?

Nimejitahidi chuoni kuisomea kazi yake. Jeremia alikuwa anaandika programu huku anapiga mluzi. Mimi naandika huku machozi yananitoka. Wenzangu wanamaliza, mimi bado natafuta kosa langu liko wapi. Nikajiona mjinga, nikatamani niache chuo kabisa nikauze mawese Mwandiga.

Mwezi uliopita tulikwenda Kagunga kujaribisha programu ya wauza dagaa. Ikagoma kumwandikisha mtu wa pili kwa namba ileile ya simu, na kule simu moja ni ya mama, mkwe na jirani. Wenzangu wakawakasirikia wale wanawake. Mimi nilikaa nao chini, nikauliza, tukacheka, nikarudi na majibu. Ndiyo siku pekee niliyofurahi chuoni tangu msiba.

Mwalimu wetu, Madamu Happiness, akaniita. Akasema kuandika programu si kazi pekee. Wapo wanaoijaribu na kutafuta kasoro kabla haijawafikia watu, wapo wanaofundisha watu kuitumia, na wapo wanaowasikiliza wenye shida kisha wakawaeleza mafundi kinachotakiwa. Muhula ujao naweza kuhamia huko, na ameniambia ninafaa. Sijamjibu. Nikikubali nitakuwa nimeiweka chini kazi ya Jeremia, na naogopa utaona umemzika mara ya pili.

Hata mimi inaniuma sana. Ukipiga simu unaniita "Jeremia wangu", nami naitika, kisha nakwenda uani kulia. Kaka alikufa, Baba Mkubwa. Nimekaa kwenye kiti chake mwaka mzima na hakurudi. Nakuomba uniruhusu niinuke, na siku ukipiga tena, uniite kwa jina langu.

Nisalimie Mama Mkubwa Melania, na Eliakimu mwambie asiache shule kwa ajili ya mpira. Mungu awalinde huko ugenini, nawe akurudishie usingizi.

Mwanao akupendaye,
Recho