Trela Linalotikisa Mkia

Grand Island, Nebraska
Mei 3

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku mimi na mke wangu Marlys hatujambo, na mahindi ndiyo kwanza yanachungulia. Wewe na mchumba wako Clete mu wazima? Goti lake je?

Shangazi, nimenunua trela la nyumba! Lina kitanda, jiko, hata choo. Tutakuja nalo harusini kwako, nami nitakushika mkono hadi mbele ya mchungaji, kama ambavyo marehemu baba angefanya.

Shida ni Marlys. Jana tulilivuta kwa pikapu yetu kulijaribu, lori likatupita, trela likaanza kutikisa mkia. Marlys akashuka amekuwa mweupe kama unga. "Lyle," akasema, "likinifanyia hivi tena, linauzwa. Na harusini utakwenda peke yako." Unamjua, akisema amesema.

Dukani wana viungio vya kuzuia kuyumba, vinavyofungwa kati ya gari na trela, aina tatu, na kichwa kinaniuma. Nichukue kipi?

Mwanao,
Lyle

Rawlins, Wyoming
Mei 9

Mwanangu Lyle,

Marahaba, tena marahaba. Goti la Clete limepona tangu nilipokubali kuolewa; juzi limecheza dansi hadi bendi ikachoka. Mimi ni mzima kama farasi wangu, ila mimi nina meno mazuri zaidi.

Umemuuliza anayejua. Nimevuta matrela ya farasi toka Alberta kule Kanada hadi Chihuahua kule Meksiko. Polisi wa barabarani wananipungia mkono, na mmoja alitaka kunioa, nikamwambia apange foleni. Shule iliniacha mapema, lakini chuma nakisoma kama gazeti.

Sikiliza. Aina ya kwanza ni kifimbo kimoja kinachobana ubavuni, kama breki. Hicho lazima ukitoe kabla ya kurudi nyuma, la sivyo kinapinda. Nawe utasahau tu, maana kambini watu hutoa viti wakakutazama unavyoegesha, bia mkononi, wanakucheka waziwazi. Aina ya tatu, ile kubwa kama mtambo wa treni, ni ya kuwaringia majirani. Wewe chukua ya katikati, yenye vyuma viwili virefu, kimoja kila upande. Vinausambaza uzito hadi magurudumu ya mbele ya pikapu, na hapo hapo vinalibana trela lisicheze. Upepo wa huku hauna adabu. Majuzi ulichukua banda la kuku la jirani, kuku wakabaki wamesimama palepale, wanatazamana.

Mwambie mkaza mwanangu alale usingizi. Shangazi ameshachagua.

Akupendaye,
Shangazi Verla

Sidney, Nebraska
Juni 4, saa sita mchana

Shangazi,

Shikamoo. Afya ninayo, furaha sina. Nakuandikia kwa simu nje ya mkahawa.

Trela limetikisika tena, vibaya, na kiungio chako kipo! Vyuma viwili nimevifunga kama kitabu kinavyoagiza. Marlys yuko ndani anakula pai, amenipa mgongo. Anasema akimaliza anapanda basi kurudi nyumbani. Harusi ni keshokutwa, Shangazi. Nikija bila yeye nitakuja na uso gani?

Sijui nimekosea wapi. Kila kitu nimekipanga vizuri: baiskeli nyuma, sanduku la zana nyuma, na tangi la maji lililo chini ya kitanda kule nyuma nimelijaza hadi shingoni, kwa kuwa Marlys hanywi kahawa ya maji ya ugenini.

Mwanao,
Lyle

Rawlins
Juni 4, dakika hiyo hiyo

Wewe Lyle!

Marahaba, salamu baadaye. Umenifanya nicheke mpaka Clete kaja kunipiga mgongoni. Trela lako umeligeuza bata mwenye makalio mazito! Pua ikiwa nyepesi, mkia lazima ucheze, hata ukifunga kwa minyororo ya meli. Katika kila sehemu kumi za uzito wa trela, moja na ushee ni lazima ikalie kiungio.

Mwaga maji yote. Zana zipeleke mbele, baiskeli zipandishe kwenye pikapu. Kisha ingia mkahawani, usibishane, mpe Marlys funguo. Aendeshe yeye, auone ukweli kwa mikono yake. Kahawa nitampikia mimi.

Msipofika nitashikwa mkono na farasi, na mchungaji akiona farasi anapiga chafya.

Shangazi Verla

Cody, Wyoming
Juni 15

Wanangu Lyle na Marlys,

Salamu kutoka fungate. Sisi ni wazima, tumenenepa, na Clete ananiita "mke wangu" hata akiniomba chumvi.

Lyle, hukunijibu siku ile, na sijakusamehe. Nilisimama getini na gauni la harusi, upepo unalivuta kama tanga, nasema basi, nimekwama na farasi. Mara pikapu hiyo! Marlys yuko kwenye usukani, na wewe pembeni umepakata kofia kama mtoto siku ya kwanza shuleni. Akapita njia yote ile ya upepo na trela limetulia tuli! Halafu akalirudisha nyuma hadi kwenye uzio kwa mkupuo mmoja, wageni wote wakasimama kumpigia makofi. Mimi bibi harusi sikupigiwa hivyo!

Sasa nina ombi. Mimi na Clete tumechoka kulala hotelini. Kwa kuwa Marlys alisema trela linauzwa, tuuzieni sisi. Hata kesho tunalifuata.

Mama yenu,
Shangazi Verla, Bi. Clete

Grand Island
Juni 20

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na mzee Clete pia shikamoo yake.

Nimemsomea Marlys barua yako. Akaniuliza, "Nani kasema linauzwa?" nami nikaikunja barua haraka.

Sasa hivi yuko uani amepiga magoti. Ameweka mizani ya bafuni na ubao chini ya pua ya trela, anapima kama ile moja na ushee yako ipo, na ananikaripia nisiuegemee mlango. Nguo zangu ameshazipakia. Nimemuuliza tunakwenda wapi, akasema nipande gari.

Mwanao,
Lyle