Fundi wa Kila Tanga

Jumanne, 8 Septemba

Hapana, bado nasema nimepata mume! Hata kama jana nilinuna mpaka mashavu yakaniuma. Tumeazimwa boti ya tanga na bosi wake, bahari shwari, visiwa havina hata duka – na mimi bi harusi wa siku tano nanuna! Ni wivu tu. Nilitaka awe wangu peke yangu, yeye akashinda akiwashonea tanga watu tusiowajua. Walitia nanga karibu nasi, wakamuuliza anafanya kazi gani, akasema kweli: fundi wa matanga. Basi. Siku imekwisha.

Lakini ile mikono! Sindano nene kama msumari, na anaipitisha kama anabembeleza mtoto. Nimesamehe. Kesho tunang'oa nanga kwenda kisiwani kwa mama. Hakuja harusini kwa sababu ya nyonga iliyovunjika. Mkwe wake anamjua kwa picha tu.

Alhamisi, 10 Septemba

Hatujang'oa kitu.

Wale wa Jumatatu wamewatangazia wenzao kwa redio ya botini. Zimekuja boti mbili! Kuna mzee mmoja namwita Kofia, maana hata akiogelea haivui. Tanga lake lina tundu la kupita mbuzi. Nikamvuta mume wangu pembeni: laazizi, mama anasubiri. Eti, "Mke wangu, mtu akikwama baharini humwachi." Kakwama! Mzee ana injini mbili na friji!

Mke wa Kofia kaniletea biskuti. Anasema nina bahati, wake hajui hata kushona kifungo. Nimezila zote kwa hasira.

Ijumaa, 11 Septemba

Tumesafiri! Tumesafiri! Upepo mgongoni, tanga limevimba, usukani nimeushika mimi, na yeye kanishika mimi. Tumeimba nyimbo za shule mpaka sauti zikakauka. Sasa tuko kisiwa kingine, njiani kwenda kwa mama, mchanga mtupu, nyayo ni zetu tu. Nampenda mpaka naona haya kuandika.

Jumapili, 13 Septemba

Kofia ametufuata.

Sina la kuongeza.

Jumatatu, 14 Septemba

Ninalo! Mume wangu amelikata tanga letu la akiba kuwa viraka vya Kofia. Bila kuniuliza. Na bosi je? Atamweleza. Na mama je? Akacheka: "Aa, mama mkwe haendi popote."

Haendi popote! Ndiyo bwana, haendi, nyonga ina vyuma! Nimesugua sufuria moja mara tatu ili nisimrushie. Baadaye kaja na beseni la maji ya moto, kaniosha miguu, kasema nimekosa, mpenzi. Hajafika mguu wa pili nimeshasamehe. Hilo ndilo tatizo langu.

Boti inatakiwa bandarini Ijumaa mchana, bosi ana wageni. Kutoka kwa mama hadi bandarini ni siku mbili kamili. Kwa hiyo kesho alfajiri tunaondoka, tupate walau asubuhi ya Jumatano na mama. Ameapa.

Jumatano, 16 Septemba

Kisiwa cha mama nakiona! Naona mnara wa simu. Naona bati jekundu la zahanati.

Alfajiri ya jana iligeuka saa saba mchana. Kofia alikuwa amebakiza mshono mmoja. Mmoja! Na leo upepo umelegea, tunatambaa kama konokono. Mume wangu amepiga hesabu mara mbili. Tukiendelea tutafika jioni, Ijumaa boti haitakuwa bandarini, na kazi yake imekwenda. Lazima tugeuze sasa hivi. Ameniambia huku machozi yanamlenga, na machozi ni ya kweli, ndicho kinachoniudhi – siwezi hata kumchukia vizuri!

Simu ikashika mtandao. Mama akaniwahi kupiga.

"Nawaona! Tanga jeupe, si ndio nyie? Majirani wamenisogezea kitanda dirishani. Chai imeshabandikwa, mwanangu!"

Nikamwambia hatufiki. Nikaeleza yote, boti ya watu, viraka, Kofia. Akaniuliza moja tu:

"Lakini mwenzio ni mtu mwema?"

"Mwema sana, mama. Kwa kila mtu."

Akaguna. Ule mguno wake. Akasema basi nisilie, chai wataimaliza wao.

Sasa mume wangu amesimama na kamba mkononi. Anangoja niinamishe kichwa ili ule mti wa chini ya tanga upite juu yangu, tugeuze. Mara ya tatu hii ananiambia, "Inama, mpenzi." Sijainama. Ananisubiri, haniharakishi, mwema vilevile. Na mimi nimekaa wima naandika hapa nilichomwambia mama kabla hajakata: mwezi huu hauishi kabla sijaja kukaa kwenye hicho kitanda chako, hata kama ni kwa meli ya abiria, hata kama ni peke yangu.