Kichwa Juu, Hadi Tano

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Leo nimeshinda, na wa kwanza kuambiwa ni wewe.

Unakumbuka ulipopasuliwa nyongo? Upasuaji uliisha, dawa ya usingizi ikakuisha, lakini ulilala kama gogo. Muuguzi akasema wewe ni mvivu wa kuamka. Nilikaa kando yako saa tatu nzima. Tulipofika nyumbani, mtaa wa Umoja, ukaniambia, "Nilikuwa nawasikia nyote. Kope ndizo zilikataa."

Hilo sijawasamehe wale wa hospitali. Figo zako zilikuwa mbovu, na faili lilisema hivyo.

Ulipotutoka nilirithi kibanda chako cha makoti pale soko la Gikomba, kikanisomesha muhula kwa muhula hadi nikawa mtaalamu wa nusukaputi, mlaza wagonjwa wa kupasuliwa. Ndipo nikajua kilichokufunga: pancuronium, dawa ya kulegeza misuli ili mwili usikaze wakati wa kupasuliwa. Sehemu kubwa yake hutolewa na figo. Figo zikigoma, inabaki humo humo.

Leo kaletwa kupasuliwa mama wa Majengo, muuza viazi karai, figo zake kama zako. Mkubwa wangu akasema tumpe pancuronium, si ndiyo ya siku zote? Nikakataa. Akataka nimwambie basi dawa bora ni ipi. Nikamjibu kwa maneno uliyokuwa ukiwaambia wateja wako: "Usiulize koti lipi zuri. Uliza la nani."

Kisha nikampigia hesabu. Suxa, dawa nyingine ya kulegeza misuli, inashika ndani ya dakika moja, lakini inapandisha potasiamu ya damu, ambayo ikizidi husimamisha moyo, na ya huyu mama iko juu tayari. Pancuronium, kwa figo hizi, tungengoja kutwa imtoke. Atracurium inachukua dakika mbili tatu kushika, sawa, ila huvunjika yenyewe ndani ya damu. Haiombi figo ruhusa.

"Haya, fundi wa makoti," akasema. "Ikikwama ni yako."

Haikukwama, Mwaitu. Tulipomaliza nilimwinamia sikioni, nikamwambia ainue kichwa akishikilie. Anayefika sekunde tano, misuli yake imerudiwa na nguvu. Kikapanda. Nikahesabu kwa sauti, mkubwa wangu akiwa pale pale: moja, mbili, tatu, nne, tano. Hakukishusha. Sita. Saba.

Nilipomtoa mpira wa kupumulia kooni, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kwani unahesabu nini, msichana?"

Nilimpangusa mdomo tu. Nilikuwa nakuhesabia wewe.

Lala salama, Mwaitu, na safari hii hakuna dawa inayokufunga kope.

Kitinda mimba wako